Baba Wawili, Kaburi Moja

Hakuna kitu kinachofufua wafu Isiolo kama habari kwamba serikali inachora ramani.

Tulipotangaza redioni kwamba idara ya utamaduni inatafuta makaburi ya kale ya kaunti, ili tuyaandike na kuyaweka kwenye ramani ambayo mwananchi yeyote ataifungua kwa simu yake, nilidhani itabidi tuwabembeleze watu watuonyeshe. Nilikosea. Wiki haikuisha kabla kila mtu hajapata babu aliyezikwa mahali, na kwa bahati ya ajabu mahali penyewe palikuwa karibu na lami. Mimi si mtoto. Huku kwetu hati za ardhi ni chache na kesi ni nyingi, na kaburi la babu ni shahidi ambaye hakuna wakili atakayemhoji. Kule Biliqo, mbali kabisa, mwanamume mmoja alituonyesha rundo la mawe akasema hapo amelala babu ya babu yake. Mwenzangu Mohamud aliinua jiwe moja akakuta chini yake kifuniko cha soda, kipya, bado kinang'aa. Mwanamume yule alikitazama kwa utulivu akasema babu alipenda soda.

Naitwa Karwitha. Kazini wananiita Madam, na nyuma yangu wananiita majina mengine, kwa sababu sina subira na upuuzi. Mohamud Salad ndiye fundi wa ramani. Yeye ana subira ya kutosha watu wawili, na tumbo lisiloweza kuvuka saa saba bila chakula. Mnisamehe kulitaja tumbo la mtu, lakini ndilo lililotuletea haya yote.

Pembeni ya Wabera kuna makaburi ya zamani tunayoyaita ya karantini. Enzi za mkoloni ng'ombe waliotoka kaskazini walizuiwa hapo karibu wakakaguliwa magonjwa, na watu waliowachunga, waliowapikia na waliowalinda walikufa kama watu wengine wowote. Ukaja mwaka wa homa, wakafa wengi kwa mara moja, na waliobaki wakawazika haraka bila kuuliza nani anasali wapi. Kwa hiyo Mmeru amelala kando ya Msomali, na Mborana kando ya Mturkana, na hakuna aliyewahi kulalamika. Walalamishi ni sisi tulio juu.

Makaburi yale yalijaa zamani, isipokuwa mahali pamoja. Kwenye mstari wa mwisho kulikuwa na mgunga mkubwa, na mvua za mwaka juzi ziliuangusha. Wachoma makaa wakachukua shina, wakachukua mizizi, wakaacha nafasi ya kumtosha mtu mmoja aliyelala. Kando ya nafasi hiyo kuna kaburi lisilo na jina, mawe yake yamepangwa vizuri na kupakwa chokaa, hata jani moja halijaota.

Watu wawili walimpigia Mohamud simu kuhusu kaburi chini ya mgunga. Yeye akadhani ni makaburi mawili, akawaita wote Jumanne saa nne.

Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Jonah, mwana wa M'Ikiara, mrefu, mwembamba, aliyeuza miraa maisha yake yote na sasa anatembea na bakora asiyoihitaji. Alikuja na mwanawe Mwiti. Kabla hatujamaliza kusalimiana, akashuka kwenye boda mama mmoja mdogo wa kimo, na binti yake Istahil akamfuata kwa boda nyingine. Huyo ndiye Mama Umulkheir, binti wa Noor. Aliuza maziwa ya ngamia sokoni miaka mingi, na hata leo wateja wake wa zamani wakimwona wanasimama wima.

"Salaam aleikum," alisema, akatupita sote, akaenda moja kwa moja kwenye lile kaburi la chokaa akaweka mkono juu ya jiwe. Mzee Jonah alikuwa ameshaweka bakora yake juu ya jiwe la upande wa pili.

"Mtoto wangu," Mama Umulkheir aliniambia, bila kumtazama yeye, "huyu mzee amekosea kaburi. Mwambie yake iko mbele."

"Mama, mimi sijakosea," alisema Mzee Jonah. "Mamangu alinileta hapa nikiwa na meno ya utoto. Akaniambia, babako ni huyu wa chini ya mti. Mti ulikuwa ngapi hapa? Ilikuwa moja."

"Na mimi mamangu aliniambia nini? Aliniambia chini ya mti. Kila Idd mimi nakuja hapa, nang'oa nyasi, napanga mawe, namwagia maji."

"Na mimi kila Disemba nakuja hapa, napaka chokaa."

Mama Umulkheir aligeuka polepole akamtazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Ni wewe unapaka chokaa?"

"Ni mimi. Wewe ndiye unang'oa nyasi? Mimi nilifikiri ni kaunti."

Samahani, lakini hapo nilicheka. Mtu anayeamini kaunti yetu inang'oa nyasi kaburini kwa babake ana imani kubwa kuliko ya mchungaji wake.

"Mimi nilifikiri ni mtu mwema tu," alisema Mama Umulkheir, na sauti yake ilijaa hasira. "Miaka hii yote nimemwombea dua. Nasema, ewe Mola, huyu anayepaka kaburi la aabo, la babangu, chokaa, mpe afya, mpe maisha marefu. Kumbe nilikuwa nakuombea wewe."

"Asante," alisema Mzee Jonah.

"Usiniambie asante. Ningejua ningeomba kingine."

Idd huzunguka mwaka mzima na Disemba haihami, na hata miaka ile zilipokaribiana, hawa wawili walipishana. Maisha yao yote walikuwa wametunza kaburi moja kwa zamu bila kujua kuna zamu.

Kazi yangu ilikuwa nyepesi kwa maneno: alama moja kwenye ramani, jina moja. Mkubwa wangu hataki alama yenye majina mawili, anasema itachekesha wafadhili. Basi nilijaribu akili. Nilimvuta Mohamud pembeni nikamuuliza Mwislamu huzikwa akielekea wapi.

"Analazwa ubavu wa kulia, uso uelekee Makka," alisema. "Kutoka hapa Makka iko kaskazini. Kwa hivyo kaburi linalala mashariki kwa magharibi."

Wamisheni nao walitufundisha sisi tumzike mtu kichwa magharibi na miguu mashariki, ili siku ya kufufuka ainuke akilitazama jua. Mahali pengine duniani mwelekeo wa kaburi ungetuambia dini ya aliyemo. Isiolo, Mungu alivyopenda kutuchezea, makaburi yote yanalala njia moja. Tofauti ni kichwa kiko mwisho upi, na hicho kiko chini ya udongo.

Mwiti alitusikia. Yeye amesoma Nairobi. "Siku hizi kuna DNA," alisema. "Watu wanafukua kidogo tu, wanachukua mfupa mdogo."

Nilimwonea huruma hata kabla hajamaliza. Mama Umulkheir alimwelekezea kidole, na Mzee Jonah akamwelekezea bakora, na ni bakora iliyosema kwanza. "Ukimfukua babu yako, nitakuzika wewe hapo kwa hilo shimo."

"Na mimi nitamsaidia," alisema Mama Umulkheir. Hilo ndilo jambo la kwanza walilokubaliana.

La pili lilikuwa kwamba jina si shida kubwa. Shida ilikuwa ile nafasi. Mama Umulkheir alikuwa tumboni babake alipokufa. Hakuzaliwa tena mtoto mwingine wa Noor, na mama yake aliolewa Garissa akazikwa huko. "Mimi baba yangu sijawahi kukaa naye hata siku moja," aliniambia. "Nikifa nitakaa naye hapa. Nimeshawaambia watoto." Mzee Jonah naye alikuwa ameshawaambia watoto. Nilipomuuliza mbona asizikwe shambani kwake kule juu kama wazee wengine, alisema shamba limejaa wake wa ndugu zake, na wote wanaongea.

Jua likapanda. Ikafika saa saba, ikapita. Nilimwona Mohamud akibadilika rangi, na nilipaswa kumtoa pale, lakini nilikuwa nimeshughulika. Alisimama katikati yao, mkono tumboni, akasema, "Wazee wangu, nafasi ni moja. Atakayetangulia kufa, ndiye atalala hapa. Twendeni tule."

Nilitaka ardhi inimeze. Huwezi kuwaambia wazee waliopita themanini maneno kama hayo. Lakini Mzee Jonah alifikiri kidogo akasema hiyo ni haki. Mama Umulkheir akasema kijana huyu ana akili, ni wa ukoo gani. Wakapeana mikono juu ya kaburi, mama akiwa amefunika kiganja chake kwa shela kama desturi yake, na tukaenda kula. Sheikh wa mtaa aliulizwa baadaye kama inafaa, akasema makaburi yale yalichanganyika kabla hajazaliwa. Mchungaji naye akajibu hivyo hivyo. Mimi nadhani wote wawili walimwogopa Mama Umulkheir.

Sasa sikilizeni ujinga wa sheria ile. Kwa kawaida watu hushindana wapate kitu wakitumie. Hapa ukishinda umekufa. Mzee Jonah, ambaye miaka mitano mfululizo alimwambia kila mtu kwamba yeye ni wa leo au kesho, aliacha ghafla maneno hayo. Alionekana akitembea kutoka sokoni hadi uwanjani asubuhi, bakora kwapani. Mama Umulkheir aliyekuwa akilalamika magoti tangu nikiwa shule ya msingi alionekana akipanda boda bila kushikwa. Istahil alinipigia simu kunishukuru, akasema mama anakunywa dawa zake za presha bila kupigiwa kelele.

Hata hivyo hawakuaminiana. Kila mmoja alishuku kwamba watoto wa mwenzake watakuja kuchimba mapema na kujenga simiti juu ya nafasi. Kwa hiyo walianza kwenda kulinda. Mzee Jonah alikwenda asubuhi akamkuta Mama Umulkheir ameshakaa kwenye kiti cha plastiki. Kesho yake akabeba kiti chake. Kesho kutwa mama akaja na chupa ya chai, ile ya maziwa na tangawizi, na kwa vile ni dhambi kunywa chai mbele ya mtu bila kumkaribisha, hata kama ni adui, akamkaribisha. Mzee Jonah akasema sukari ni nyingi. Akaongezewa.

Nilipita pale mara nyingi kuliko kazi ilivyodai. Nilijiambia nakwenda kutafuta ushahidi wa jina. Kweli ni kwamba nilipenda kuwasikiliza.

"Wewe unamkumbuka wako?" Mama Umulkheir alimuuliza siku moja.

"Kikohozi tu," alisema Mzee Jonah. "Alikuwa anakohoa kabla ya kuingia nyumbani, ndio watoto tujue tuache kelele. Uso siukumbuki. Hiyo kikohozi ningeisikia leo ningeijua."

Alijaribu kukikohoa. Mama Umulkheir aliweka kikombe chini akasikiliza kwa makini kama anayesikiliza taarifa ya habari.

"Rudia," alisema.

Akarudia. Mama alisema kwamba hiyo ni kikohozi nzuri, hata wa kwake huenda alikohoa hivyo, maana walilala kambi moja na vumbi lilikuwa moja. Mzee Jonah akamwambia anaweza kuichukua kama anataka, yeye hana wivu nayo.

Mwezi wa saba ukaja na upepo wake. Wanaoishi Isiolo wanaujua, unapuliza vumbi hadi ndani ya sufuria iliyofunikwa. Mama Umulkheir aliugua kifua akalazwa hospitali. Siku ya pili mchana Istahil alinipigia simu kwa hasira.

"Madam, njoo umtoe mzee wako huku. Amekuja kuona kama ameshindwa."

Nilikwenda mbio. Nilimkuta Mzee Jonah ameketi kando ya kitanda, kofia mapajani, chupa ya uji sakafuni, na Istahil amesimama miguuni pa kitanda mikono kiunoni. Mama Umulkheir alikuwa amelalia mito mitatu, mdogo kuliko nilivyomjua. Nikaogopa.

"Umekuja kuangalia," alisema mama kwa pumzi fupi.

"Nimekuja kukupa ile nafasi," alisema Mzee Jonah.

"Sitaki sadaka. Ni yangu nikitangulia. Tulishikana mkono."

"Ndio nimekuja tuvunje hiyo mkono. Nafasi ni yako. Ukifa leo ni yako, ukifa mwaka ujao ni yako, hata nikitangulia mimi bado ni yako. Kwa hivyo hakuna haraka, mama. Hakuna mtu wa kushindana na wewe. Kunywa uji."

Istahil alishusha mikono kutoka kiunoni.

"Na wewe utaenda wapi?"

"Shambani."

"Kwa wake wa ndugu zako?"

"Nitavumilia," alisema, na nilimwona akijaribu kutabasamu, na tabasamu likakataa. "Mimi sina mtu mwingine wa kukaa na yeye pale. Ukienda nitabaki na kiti changu, nione aibu."

Mama Umulkheir alimwambia aache kulia, yeye ni mwanamume mzima na wauguzi wanaangalia. Kisha akaniona mimi mlangoni. "Karwitha, hiyo ramani yako. Andika M'Ikiara. Mzee huyu ametunza."

"Andika Noor," alisema Mzee Jonah.

"Nimesema M'Ikiara."

"Mama, wewe ni mgonjwa, usibishane. Noor."

Walibishana hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akasema yeye kura yake ni ya Noor, na muuguzi akaja akatufukuza wote. Mzee Jonah alitembea ukumbini akitaja jina la Noor kila hatua, ili mama asikie.

Alipona. Mwanamke wa aina ile akiamua kupona, ugonjwa hauna la kufanya. Mwezi wa nane walikuwa kwenye viti vyao tena, na ramani yangu ilikuwa tayari kaunti nzima isipokuwa alama moja. Mkubwa wangu aliniuliza kila Ijumaa. Nilimwambia bado tunathibitisha.

Mwezi wa kumi Mzee Jonah alimaliza kunywa chai asubuhi, akaenda nyumbani, akalala kidogo kabla ya chakula cha mchana, na hakuamka. Hakuugua. Hata kikohozi hakikumshika.

Mwiti alifanya mipango ya kumpeleka shambani, kama baba alivyoagiza baada ya ile siku ya hospitali. Kaburi lilikuwa limeshaanza kuchimbwa kule juu. Hapo ndipo Mama Umulkheir alipofika nyumbani kwa marehemu kwa boda, akaingia katikati ya kamati ya mazishi bila kukaribishwa, wanaume wakampisha.

"Atalala wapi?" aliuliza.

Mwiti akamwambia. Akamweleza kwa heshima kwamba baba alitoa nafasi yake na familia itaheshimu neno lake.

"Neno gani? Mimi nilikubali wapi? Mimi niliambiwa ninywe uji, nikanywa. Sheria ilikuwa atakayetangulia. Ametangulia."

"Mama," Istahil, aliyekuja nyuma yake, alimwambia taratibu, "na wewe je?"

"Mimi niko hapa. Ninazungumza."

Tukamzika kwenye nafasi ya mgunga, na kwaya iliimba, na Mama Umulkheir alikaa mbele kwenye kiti chake cha plastiki. Karibu naye kulikuwa na kile kiti kingine, na hakuna aliyethubutu kukikalia. Watu walipotawanyika nilibaki, kwa sababu sikuweza kumwacha pale, na kwa sababu nilikuwa nimelia hadi kichwa kinaniuma na sikutaka Mohamud anione. Mohamud naye alikuwa nyuma ya gari, naye kwa sababu zake.

"Mzee mjanja," alisema Mama Umulkheir. "Mimi aliniambia nisiharakishe. Yeye akaharakisha."

Akanigeukia mimi.

"Toa simu yako. Ile ramani, andika sasa."

"Niandike nini, mama?"

"Andika M'Ikiara."

Nilimwambia anaweza kufikiri kwanza. Nilimwambia hakuna anayejua ukweli, huenda ni Noor, na jina likishaingia kwenye ramani ya umma, baba yake hatakuwa na mahali popote duniani panapoitwa pake. Nilisema hayo yote kwa sababu nilimpenda na sikutaka aje ajute.

Alifunga shela yake vizuri chini ya kidevu. Alitazama udongo mpya, kisha mawe ya kando yake, aliyoyapanga kwa mikono yake tangu akiwa msichana.

"Wewe Karwitha umesoma lakini huelewi," alisema. "Mimi nilizaliwa bila baba, nimezoea. Huyu alikuwa na wa kwake, alimsikia akikohoa mlangoni. Leo ndio analala mara ya kwanza. Unataka alale kando ya baba ya mtu mwingine?"

Niliandika M'Ikiara. Alitaka nimwonyeshe, ingawa hajui kusoma, na nilimwonyesha, na akaniomba nisome kwa sauti.